Kilima Kinaposaga Meno

Redio ni chombo cha masikio, basi leo tuzungumze juu ya sauti. Si sauti ya mtu, wala ya ngoma, wala ya radi. Ni sauti ambayo wewe na mimi hatutaisikia hata tukilala kifudifudi na kubana sikio kwenye nyasi: sauti ya udongo wa mteremko unapoanza kuhama.

Watu wa milimani wanazijua dalili zake. Ufa mpya unaokata shamba kwa upana. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri mwezi uliopita, leo unakwama kwenye fremu. Nguzo ya umeme imeinama na hakuna gari lililoigonga. Chemchemi imechimbuka mahali ambapo hapakuwahi kuwa na maji, au ile ya siku zote imegeuka tope. Dalili hizi si ushirikina. Wanajiolojia wenyewe huzifundisha darasani. Kasoro yake ni kwamba zinahitaji macho, na macho yanahitaji mwanga na mtu aliye tayari kutoka nje. Mvua kubwa ikishuka usiku, nani atakwenda shambani na tochi kupima ufa? Watu hujifungia ndani, na huko ndani ndiko udongo unakowakuta.

Ndiyo maana wapo wahandisi walioamua kuusikiliza mlima badala ya kuutazama. Wazo lenyewe si jipya. Mwishoni mwa miaka ya 1930, Leonard Obert wa Ofisi ya Migodi ya Marekani alikuwa akichunguza miamba migodini, akagundua kwamba mwamba uliobanwa na uzito hutoa mitetemo midogo kabla haujapasuka. Wachimbaji walikuwa wanajua hilo siku nyingi. Mchimbaji mzoefu akisikia nguzo za mbao na dari la mwamba vikilia, hangoji kuambiwa na msimamizi. Lakini mwamba ni mgumu, na kitu kigumu hulia kinapovunjika. Udongo je?

Hapo ndipo palipokuwa na fundo. Katika miaka ya 1970 na 1980 Robert Koerner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Drexel, Philadelphia, walichukua udongo wa aina mbalimbali, wakaubana na kuukata maabara huku wakiusikiliza. Mchanga na changarawe vilipiga kelele. Udongo wa mfinyanzi ulikaa karibu kimya. Na mfinyanzi, bahati mbaya, ndio udongo wa miteremko mingi inayoporomoka. Zaidi ya hapo, mitetemo ya juu ikipita kwenye udongo hufa haraka. Kwa hiyo ukichomeka chombo chako juu ya kilima cha mfinyanzi ukasubiri, kilima kinaweza kuondoka na nyumba zako zote na chombo kisiseme neno.

Sasa twende Yorkshire ya Kaskazini, Uingereza. Huko kuna malisho ya kondoo mahali panapoitwa Hollin Hill. Kwa mgeni ni kilima cha kawaida, kijani, chenye mabonde madogo madogo na mikunjo ya udongo kwenye nyasi. Mikunjo hiyo ndiyo habari. Chini ya nyasi kuna miamba laini ya tope lililotuama baharini enzi za kale sana, na tope hilo likilowa wakati wa baridi huanza kuteleza polepole kuteremka bondeni. Taasisi ya Jiolojia ya Uingereza imekigeuza kilima hiki kuwa mahali pa kufanyia uchunguzi: ni kilima kinachohama mara kwa mara, hakiui mtu, na mwenye shamba ana subira.

Ni hapo ambapo Profesa Neil Dixon wa Chuo Kikuu cha Loughborough na wenzake walikifunga kifaa chao mwaka 2009. Ukikisikia kinavyofanya kazi utajiuliza kwa nini hakikubuniwa mapema. Kama mfinyanzi haulii, walisema, basi tuuwekee kitu kitakacholia kwa niaba yake.

Walitoboa shimo lenye upana wa sentimita 13 hivi, likashuka mita tano na ushei, likapita ule utando wa chini ambao udongo wa juu hutelezea. Utando huo, pale Hollin Hill, uko mita kama mbili tu chini ya nyasi. Ndani ya shimo wakasimamisha bomba la chuma jembamba, kipenyo chake sentimita tano, lililoungwa vipande kwa vipande kama fundi bomba anavyounga. Kisha nafasi iliyobaki kati ya bomba na ukuta wa shimo wakaijaza kokoto ndogo zenye kona, za milimita 5 mpaka 10, wakazishindilia. Basi. Kilima kikisogea hata kwa unywele, kinalipinda bomba na kuzisukuma kokoto. Kokoto zinasagana zenyewe kwa zenyewe na kukwaruza chuma. Kilima kisichokuwa na sauti sasa kinasaga meno, na bomba linaipandisha sauti hiyo mpaka juu.

Juu ya bomba kuna kihisi kidogo. Ndani yake kuna fuwele inayotoa umeme inapobanwa au kutikiswa, tabia ambayo ndugu wawili wa Kifaransa, Pierre na Jacques Curie, waliitangaza mwaka 1880. Si jambo la mbali na nyumbani kwako: kiwashio cha jiko la gesi, kile unachobofya kikatoa cheche bila betri, kinatumia tabia hiyohiyo. Kokoto zikikwaruzana, chuma kinatetemeka, fuwele inatoa umeme kidogo sana, na kompyuta ndogo iliyo pembeni inahesabu.

Inahesabu nini? Hapa tupunguze mwendo, maana ndipo penye akili yote ya kazi hii.

Sikio la kijana mwenye afya hukomea kwenye mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, yaani kilohezi 20. La mtu wa rika langu hukomea chini zaidi, na tusiliongelee sana. Kifaa cha Loughborough kinasikiliza kati ya kilohezi 20 na 30. Wazee mliokuwa mkizungusha kinobu kutafuta stesheni kwenye masafa ya kati mnalijua neno hili kilohezi. Yale yalikuwa mawimbi ya redio, haya ni mtetemo wa chuma, ila hesabu ni ileile ya mara ngapi kwa sekunde. Kwa nini wakaenda huko juu? Kwa sababu huko chini kumejaa fujo. Upepo, trekta, lori barabarani, miguu ya kondoo, watu wanaopita wakizungumza: hizo zote nguvu yake iko kwenye mitetemo ya chini. Ukizichuja ukabakiza za juu tu, unabaki na kokoto.

Halafu kuna kizingiti. Kompyuta haihifadhi sauti yote, maana betri ingekwisha na kumbukumbu ingejaa. Inahesabu tu ni mara ngapi mtetemo umevuka kiwango fulani kilichowekwa, kisha kila baada ya muda mfupi, tuseme robo saa au nusu saa, inaandika idadi moja. Kilima kikitulia, idadi ni sifuri au karibu na sifuri. Kikianza kusogea, idadi inapanda. Kikiongeza kasi, idadi inapanda zaidi. Ikivuka kiwango kilichopangwa, kifaa kinatuma ujumbe mfupi wa simu. Umeme wake unatoka kwenye betri inayochajiwa na sola.

Walijuaje kwamba idadi hiyo ni kasi ya kilima kweli, na si ndoto za kompyuta? Karibu na bomba walifukia mnyororo wa vipimo vingine vinavyoonyesha kila wakati ardhi imejipinda kwa milimita ngapi. Mwaka 2014 walichapisha ulinganisho wao. Mvua ikinyesha, maji yakipanda ndani ya udongo, kilima kinaanza mwendo, kinaongeza kasi, kinapoa, kinasimama. Na hesabu za kokoto zinapanda na kushuka pamoja nacho. Hazikusema kilima kimefika wapi. Zilisema kinakwenda kwa kasi gani, na kwa habari ya maporomoko swali la kasi ndilo lenye maisha ndani yake.

Kasi za maporomoko zinapishana mno. Wataalamu wawili, David Cruden na David Varnes, walizipanga kwa madaraja saba, na kila daraja ni takriban mara mia ya lile lililo chini yake. Kule chini kabisa mteremko unahama chini ya milimita 16 kwa mwaka. Unaweza kuzaa, kulea na kuozesha juu yake usijue kitu. Kule juu kabisa udongo unakuja kwa zaidi ya mita 5 kila sekunde, na mtu aliyevaa gambuti kwenye tope hawezi kuukimbia. Kwa tofauti kubwa kiasi hicho, huhitaji kifaa kinachopima kwa usahihi wa sonara. Unahitaji kifaa kitakachokwambia kwamba leo saa nane usiku kilima kimetoka daraja moja kimeingia jingine.

Mpaka hapa, msikilizaji, mambo yanavutia, na mimi ni mtu wa kuvutiwa. Lakini nimeona mara nyingi mno namna teknolojia inavyoletwa kwetu: kuna semina, kuna picha ya pamoja, kuna kibao chenye majina ya wafadhili, na baada ya masika mawili kifaa kimekuwa kiota cha nyuki. Kwa hiyo kabla hatujaagiza mabomba ya chuma, tujiulize ni milima yetu ipi inayosaga meno. Si yote.

Chukua Mgeta, magharibi mwa milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Tarehe 23 Februari 1970 mvua ya zaidi ya milimita 100 ilishuka huko ndani ya saa tatu. Wanajiografia Paul Temple na Anders Rapp walikwenda kuhesabu makovu, wakakuta maporomoko zaidi ya elfu moja. Elfu moja, kwa mvua ya alasiri moja. Mengi yalikuwa madogo na ya juu juu, udongo uliochubuka tu na kushuka, na karibu yote yalianzia kwenye mashamba na nyasi. Msituni yalikuwa machache mno. Sasa niambie, bomba la kokoto utalichomeka wapi? Ungeweka mabomba hamsini, mteremko wa hamsini na moja ndio ungeshuka. Kwa Mgeta dawa ni mti na mizizi yake, na kipima mvua kinachosomwa na mtu mwenye wajibu. Hong Kong, baada ya kuzika watu wengi katika maporomoko ya mwaka 1972 na 1976, ilianzisha mwaka 1977 mfumo wa tahadhari unaofuata mvua, na imeendelea kuuboresha hadi leo. Kipima mvua hakikwambii ni mteremko upi utakaoshuka. Kinakwambia tu kwamba leo miteremko ya eneo hili si ya kuaminiwa, na kwa mahali kama Mgeta hilo ndilo unalotaka kujua.

Hanang ni jambo jingine tena. Tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya mlima ule mkoani Manyara ililegea kwa mvua, ikamomonyoka, na tope likachanganyika na mawe na magogo likafuata njia ya maji mpaka Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walikufa. Waliokufa hawakuwa wamejenga juu ya mteremko uliokuwa ukitambaa. Walikuwa chini, tambarare, baadhi yao majumbani mwao mjini, na mlima ukawafuata. Bomba la kokoto nyuma ya nyumba ya mtu wa Katesh lisingesikia chochote mpaka tope limelifikia lenyewe. Kwa mito ya tope ya namna hiyo Waswisi wana mbinu nyingine. Kwenye korongo la Illgraben, jimbo la Valais, ambako tope hushuka karibu kila kiangazi, wamefunga vinasa mitetemo kandokando ya mkondo wa juu. Tope likianza kushuka ardhi inatetemeka, na king'ora kinalia kule chini kabla halijafika. Nayo ni kazi ya kusikiliza, lakini unasikiliza njia, si mteremko. Na muda unaopewa ni dakika tu, kwa hiyo ni lazima uwe umekwisha kuamua watu watakimbilia upande gani.

Basi milima inayosaga meno iko wapi? Wasikilizaji wetu wa Bukavu, kule Kongo, wamekwisha kujibu, maana wanalala juu yake. Mtaa wa Funu umekaa juu ya kipande cha ardhi chenye ukubwa wa kilomita ya mraba moja na nusu hivi ambacho kinateleza. Kwingine ni sentimita kwa mwaka, kwingine ni mita. Makumi ya maelfu ya watu wanaishi hapo. Kuta zinapasuka, zinazibwa, zinapasuka tena. Antoine Dille na wenzake wa Ubelgiji na Kongo walichukua picha za angani za tangu miaka ya 1940 na 1950, wakaziunganisha na za setilaiti, wakaona kwamba baadhi ya sehemu zimeongeza kasi kadiri mji ulivyojaa. Mwaka 2022 waliandika kwamba ujenzi wenyewe una mkono wake: mapaa na vichochoro vinakusanya maji ya mvua na kuyaelekeza mahali yasipopaswa kwenda, mabomba yanavuja, na maji hayo yote yanaingia ardhini. Hapo pana kilima kinachohama polepole, kinachobadili kasi, chenye watu juu yake. Kokoto zingekuwa na mengi ya kusema.

Ila usikimbilie dukani bado. Nilikwambia bomba halina maana kama halijaupita ule utando wa kutelezea. Hollin Hill uko mita mbili chini. Funu, kwa sehemu kubwa, uko ndani sana, makumi ya mita. Kutoboa shimo refu hivyo katikati ya mtaa uliobanana ni gharama na ni usumbufu, na ardhi ikihama mita nzima kwa mwaka italikata bomba lako mapema. Kuna lingine ambalo wauzaji wa vifaa hawapendi kulisema kwa sauti. Hesabu za kifaa hiki hazihamishiki. Idadi inategemea kokoto za aina gani, zimeshindiliwa vipi, bomba lina urefu gani, utando uko kina kipi. Idadi ambayo Yorkshire ni hatari, Lushoto inaweza kuwa si kitu, na kinyume chake. Kila shimo linataka mtu alikalie misimu kadhaa, alijue linavyolia likiwa na afya, ndipo aweke kizingiti. Mradi wa miezi sita hauwezi kazi hiyo.

Mahali ninapokiona kinafaa kwetu, kwa maoni yangu, ni padogo kuliko mlima mzima. Ni kingo iliyokatwa juu ya barabara, kama zile za kupanda kutoka Mombo kwenda Soni na Lushoto. Ni mteremko nyuma ya shule au zahanati, ambao ufa wake unajulikana na kina chake kinafikika. Ni tuta la reli. Kanada na Uingereza wamevifunga vifaa vya aina hii hasa kwenye miteremko inayotishia njia za usafiri, kwa sababu njia ina mwenyewe: kuna ofisi, kuna bajeti, kuna mtu anayeweza kusema treni isipite, na isipite. Kijiji hakina ofisi ya namna hiyo.

Na hapo ndipo ninapotaka kukupeleka Italia, mwaka 1963, maana watu wengi hudhani kwamba maafa hutokea kwa kukosa vipimo.

Juu ya mji wa Longarone kulikuwa na bwawa jipya la umeme, Vajont, ukuta wake una urefu wa zaidi ya mita 260 kwenda juu. Pembeni mwa ziwa la bwawa kuna mlima Toc. Mwaka 1960, maji yalipokuwa yakijazwa, ulitokea ufa wa kilomita mbili mlimani. Wahandisi hawakuupuuza. Waliupima. Waliona kwamba wakipandisha maji mlima unaongeza kasi, wakiyashusha unapunguza. Wakajenga imani kwamba wanao usukani: watauteremsha mlima ziwani polepole, kwa kupandisha na kushusha maji, mpaka utulie. Kufikia mwanzoni mwa Oktoba 1963 ulikuwa ukienda sentimita 20 kwa siku. Wakaanza kushusha maji. Safari hii mlima haukusikia. Usiku wa tarehe 9 Oktoba mita za ujazo milioni 270 ziliingia ziwani kwa chini ya dakika moja. Maji yakaruka ukuta, yakaanguka bondeni, na watu wapatao 2,000 wakafa, wengi wao wa Longarone. Ukuta wa bwawa haukuanguka. Upo hadi leo.

Hakuna aliyekosa kipimo Vajont. Milimita zilikuwa mezani kila siku. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka ya kusema: ikifika namba hii, watu wote watoke, na asiwe yuleyule anayepata hasara umeme usipozalishwa. Linganisha na kijiji cha Brienz, mashariki mwa Uswisi. Mei 2023 vipimo vilionyesha kwamba mwamba ulio juu ya kijiji unaongeza kasi. Wakazi wote, wasiofika mia, waliamriwa kuondoka, na ng'ombe wao wakaondolewa. Wakakaa nje wiki tano wakisubiri. Usiku wa tarehe 15 kuamkia 16 Juni mwamba ukashuka, ukasimama mita chache kabla ya nyumba. Hakufa mtu. Wiki tano si kitu kidogo kwa mkulima, lakini kulikuwa na mahali pa kuwapeleka, na kulikuwa na mtu mmoja mwenye amri.

Kwetu, swali la mahali pa kuwapeleka watu ndilo gumu kuliko fuwele na kilohezi zote. Bududa, upande wa Uganda wa mlima Elgon, tarehe 1 Machi 2010 kijiji cha Nametsi kilifukiwa. Makadirio ya waliokufa yanapita 300, na wapo waliofia kituo cha afya walikokimbilia kujikinga na mvua. Serikali ikazihamisha familia kadhaa mpaka Kiryandongo, mbali, nchi tambarare. Wapo waliokaa. Wapo pia waliorudi mlimani, kwenye kahawa na migomba yao, na maporomoko yakarudi Bududa mwaka 2018. Usimcheke aliyerudi. Udongo unaoua Elgon ndio uleule unaolisha, una rutuba na una mvua, ndiyo maana umejaa watu.

Kwa hiyo ujumbe mfupi ukiingia kwenye simu ya mwenyekiti wa kijiji saa nane usiku, utakutana na nini? Watafiti wa Loughborough wenyewe walilijua swali hili. Walitengeneza toleo rahisi na la bei nafuu zaidi la kifaa chao, wakaliita Community Slope SAFE, likakusudiwa kukaa mikononi mwa wanakijiji badala ya wahandisi, wakaenda kulijaribu Hakha, makao makuu ya jimbo la Chin nchini Myanmar, mji uliovunjwavunjwa na maporomoko wakati wa mvua kubwa za mwaka 2015. Wazo lao ni kwamba anayeishi chini ya mteremko ndiye akifunge, akitunze, na ndiye onyo limfikie kwanza bila kuzungukia mji mkuu. Nakubaliana nao nusu. Ni kweli onyo likipitia ofisi tatu litafika asubuhi. Lakini mwanakijiji anaweza kukitunza kifaa, hawezi peke yake kukifanya kiaminiwe.

Fikiria mwenyewe. Mara ya kwanza kinalia, mnatoka na watoto kwenye mvua, mnakesha shuleni, asubuhi kilima kipo palepale. Mara ya pili vivyo hivyo, na safari hii mmerudi mmekuta mbuzi wameibiwa. Mara ya tatu nani atatoka? Na kifaa hakikudanganya. Kilima kilisogea kweli, kikasimama. Ukishusha kizingiti, utawachosha watu. Ukikipandisha, utawaamsha wakati muda umekwisha. Namba hiyo haiko kwenye kitabu cha maelekezo ya kifaa. Inategemea shule iko mbali kiasi gani, njia ina daraja au haina, wazee wangapi hawawezi kutembea, na nani atakayelinda mifugo.

Tanzania tunayo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, na inaweka kamati za maafa mpaka kwenye kijiji na mtaa. Kwenye karatasi, basi, mwenye amri yupo. Ningependa kusikia kutoka kwa wasikilizaji mlioko Hanang, Same, Mgeta, Lushoto, Rungwe: kamati ya kijiji chenu imekaa lini mara ya mwisho, na imekubaliana watu walale wapi? Kama kuna ufa unaojulikana, chomekeni vigingi viwili, kimoja kila upande, pimeni umbali kati yake kwa futi kamba baada ya kila mvua kubwa, na mwandike kwenye daftari tarehe na sentimita. Hiyo haihitaji mfadhili. Daftari la misimu miwili litamwambia mhandisi, siku akija, kama kilima chenu ni cha kuwekewa bomba la kokoto au ni cha kuhamwa. Na litakuwa na kitu ambacho hakuna kihisi kitakacholeta kutoka Yorkshire, yaani tabia ya kilima hichohicho kwa mvua za hapohapo. Akija bila kuliomba daftari hilo, muulizeni mnaanzia wapi kuweka kizingiti. Muulizeni pia nani atalipia salio la laini ya simu iliyomo ndani ya kifaa, mradi ukishafungwa.